Kutoka Shangani hadi Gurgaon: Njia ya Waya na Kazi za Usiku

Ukiingia Shangani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ukafuata upepo mpaka ukingoni mwa bahari, utaikuta hoteli kubwa ambayo wageni wake hukaa barazani jioni kungoja jua litue. Kabla ya kuwa hoteli, jengo hilo lilikuwa la simu. Watu walilijua kwa jina la Extelcoms, shirika la mawasiliano ya nje, na kabla ya Extelcoms walikuwapo Waingereza wa kampuni za waya. Hapo ndipo nilipoanzia kuifuata njia ambayo upande wake wa pili amekaa kijana mwenye hedifoni, Gurgaon ya India au Manila ya Ufilipino, saa 8 za usiku, akimwambia mtu wa Ohio, Marekani, ambaye kompyuta yake haiwaki: samahani kwa usumbufu. Niseme mapema kwamba sehemu kubwa ya safari hii nimeifanya juu ya ramani za nyaya za baharini na katika maandishi. Tiketi ya Delhi sikukata.

Neno simu lenyewe ni msafiri. Asili yake ni Kiajemi, sim, yaani waya, nalo lilipokewa pwani yetu wakati chombo hicho kilikuwa bado hakina sauti. Mzee aliyesema amepiga simu alimaanisha amekwenda posta, amehesabiwa maneno yake moja moja, akalipa, na karani akayagonga kwa kidole yaende. Waya ulitufikia kabla ya sauti. Biashara ya kampuni za Marekani na Ulaya kuhamishia kazi zao Asia nayo ilipita humo humo, waya kwanza, sauti baadaye.

Waya wa Shangani uliletwa na kipigo. Januari 22, 1879, Wazulu waliliponda jeshi la Waingereza pale Isandlwana, wakaua watu zaidi ya 1,300 wa upande wa pili. London ilipata habari Februari 11, siku 20 baadaye, kwa kuwa Afrika Kusini haikuwa na waya wa kuiunganisha na Ulaya na habari ilibidi ipande meli kwanza. Serikali iliyokuwa ikisitasita kutoa fedha ikaacha kusitasita. Kabla mwaka haujaisha, waya wa chini ya bahari ulikuwa umeunganisha Durban, Msumbiji, Zanzibar na Aden. Mombasa ilipata tawi lake mwaka 1890. Na Agosti 1896, Sayyid Khalid alipoingia kasri ya Zanzibar na kujitwalia usultani bila ridhaa ya Waingereza, balozi wao mdogo Basil Cave aliomba London ruhusa ya kutumia nguvu kwa waya huo huo, na ruhusa ikarudi kwa waya huo huo. Vita vilivyofuata havikufika saa nzima.

Pale Aden njia iligawanyika. Mkono mmoja ulikwenda Bombay; mwingine ulipanda Suez, ukavuka Mediterania, ukaibukia Porthcurno, kijiji kidogo cha pwani kwenye ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza. Porthcurno na Bombay zilikuwa zimeunganishwa tangu Juni 1870. Nyaya hizo zilivishwa utomvu wa miti ya Malaya ili maji yasizipenye, kwa hiyo hata ngozi ya waya wa Mwingereza ilitoka Asia.

Wanaonivutia zaidi katika habari hii ni makarani. Mkondo wa umeme ulikuwa ukichoka njiani, hivyo ujumbe haukuweza kwenda moja kwa moja. Katika kila kituo palikuwa na vijana wa kuupokea, kuusoma, kisha kuugonga upya kwa mkono uendelee mbele. Walifanya kazi kwa zamu, mchana na usiku. Bei ya pamba, kifo cha mtu, amri ya vita, vyote vilipita vidoleni mwao na hakuna hata kimoja kilichowahusu. Kosa la herufi moja liliandikwa kwenye rekodi ya aliyekosa. Ukimwondolea karani huyo kofia ya jua ukamvisha hedifoni, umepata mfanyakazi wa kituo cha simu cha mwaka 2003.

Kituo cha Porthcurno kilifungwa mwaka 1970, miaka 100 kamili baada ya waya wa kwanza. Mwaka 1997 pwani hiyo hiyo ilipokea waya mwingine, huu wa nyuzi za kioo, jina lake FLAG, wenye urefu wa kilomita 28,000 hivi kutoka Uingereza hadi Japani. Ulipita Misri, ukagusa Fujairah, ukapanda nchi kavu Mumbai, ambayo ndiyo Bombay ile ile. Mwaka huo huo wa 1997, karibu na Delhi, kampuni moja ya Kimarekani ilikuwa ikifungua ofisi ya aina mpya. Nitaifikia.

Waya peke yake hauhamishi kazi. Kazi lazima kwanza ikatwe vipande. Anayejua kofia zetu za viua anaelewa: mmoja huchora nakshi, mwingine hushona vishimo nyumbani kwake, wa tatu huunga, na mvaaji hajui hata mmoja wao. Kazi za ofisi za Marekani zilikatwa hivyo kidogo kidogo. Mwaka 1967 kampuni ya simu ya AT&T ilianzisha namba ambazo mpigaji halipi, anayepigiwa ndiye hulipa. Mashirika ya ndege, hoteli na wauza bidhaa wakaona kwamba mtu wa kupokea simu hana haja ya kukaa jirani na mteja wala jirani na bosi. Wengi wakaenda Omaha, katika jimbo la Nebraska. Pembeni ya mji huo palikuwa na makao makuu ya kikosi cha ndege za silaha za nyuklia cha Marekani, na kwa ajili ya jeshi eneo zima lilikuwa limejaa nyaya bora za simu. Kisha watu wa Omaha walisifiwa kwa lafudhi isiyomwudhi Mmarekani wa kaskazini wala wa kusini. Nyaya za jeshi, lafudhi isiyokera, mishahara ya chini kuliko New York. Yote yaliyotokea baadaye Asia yalikuwa yamekwisha kujaribiwa katikati ya mashamba ya mahindi ya Nebraska.

Mwaka 1983 shirika la ndege la American Airlines lilichukua kazi ya kuingiza takwimu za tiketi zilizokwisha kutumika, iliyokuwa ikifanyika Tulsa, Oklahoma, likaipeleka Barbados. Makaratasi yalipakiwa kwenye ndege zake lenyewe, wanawake wa Barbados wakayachapa kwenye kompyuta, na takwimu zikarudi kwa setilaiti. Mwaka 1988 kampuni ya bima ya New York Life ikafanya jambo kama hilo Castleisland, mji mdogo wa Ireland: madai ya wagonjwa wa Marekani yaliruka Atlantiki kwa ndege, yakashughulikiwa, majibu yakarejea kwa waya. Barbados na Ireland zote zilikuwa zimetawaliwa na Mwingereza, na zote zilisoma kwa Kiingereza. Sioni bahati nasibu hapo.

Habari ya India ni ndefu, na wenyeji wa Bangalore wana haki ya kukasirika ikifupishwa kuwa habari ya simu tu. Kampuni ya Tata ilianzisha tawi lake la huduma za kompyuta, TCS, mwaka 1968. Mwaka 1978 IBM iliondoka India baada ya kukataa masharti ya serikali kuhusu umiliki wa wageni, na pengo lake likawa shule kwa wahandisi wa huko, waliolazimika kujua mashine za kila mtengenezaji. Mwaka 1985 Texas Instruments ilifungua ofisi yake Bangalore, na husimuliwa kwamba sahani ya setilaiti ilifikishwa pale kwa mkokoteni wa ng'ombe. Mwaka 1991 nchi ilikuwa karibu kuishiwa fedha za kigeni. Manmohan Singh, waziri wa fedha wakati huo, akafungua milango ya uchumi. Wahandisi waliingia wa kwanza. Sauti zilifuata.

Kiingereza cha Wahindi kina tarehe. Februari 1835, Thomas Macaulay, mjumbe wa baraza la gavana mkuu wa India, aliandika waraka wa kutaka fedha za serikali zitumike kufundisha Kiingereza badala ya Kiarabu na Kisanskriti. Alitaka tabaka la watu wa kusimama kati ya watawala na mamilioni waliotawaliwa, wakalimani wa dola. Miaka 160 baadaye wakalimani hao walikuwapo, wameongezeka, wana shahada, na wengi hawana kazi.

Gurgaon, kusini ya Delhi, ilikuwa bado na mashamba mengi wakati K. P. Singh wa kampuni ya ujenzi ya DLF alipokuwa akinunua ardhi kwa wakulima, familia kwa familia. Mwaka 1989 Jack Welch, mkuu wa General Electric, alizuru India, na Singh alikuwa miongoni mwa wenyeji waliompokea. Miaka ya 1990 American Express ilihamishia sehemu ya hesabu zake eneo hilo la Delhi, kazi iliyosimamiwa na Raman Roy. Mwaka 1996 British Airways ilikuwa imeanzisha Mumbai kampuni ya kazi za nyuma ya pazia iitwayo WNS. Kisha ikaja ofisi niliyoahidi kuifikia: mwaka 1997 kitengo cha fedha cha General Electric kilifungua Gurgaon kituo chini ya uongozi wa Pramod Bhasin. Walianza na makaratasi, wakaingia kwenye simu. Leo kampuni iliyozaliwa pale inaitwa Genpact, na tangu 2007 hisa zake zinauzwa New York.

Mambo matatu yakaja kwa pamoja. Hofu ya kompyuta kuvurugika mwaka 2000 ilizifundisha kampuni za Magharibi kuwaamini Wahindi na mifumo yao. Sera mpya ya simu ya India ya mwaka 1999 ilianza kuvunja ukiritimba, na simu za kimataifa zikafunguliwa kwa washindani mwaka 2002. Tatu, kampuni zilizotandaza nyuzi za kioo chini ya bahari zilijenga kupita mahitaji. Soko la hisa za intaneti lilipoanguka, nyingi zikafilisika na bei ya kupitisha sauti ikaporomoka. Hasara ya mwenye hisa wa Marekani ikawa nauli ya bure ya sauti ya Mhindi.

Ulipofika mwaka 2003, msichana wa Delhi aliyetoka chuo kikuu aliweza kuanza kazi kwa mshahara wa karibu dola 200 kwa mwezi. Kwa mwajiri wa Marekani hizo zilikuwa fedha za mzaha. Kwa msichana huyo aghalabu zilikuwa nyingi kuliko za baba yake alipokuwa na umri huo, na katika nyumba kadhaa kuliko alizopata baba yake siku hiyo hiyo. Wanaoiita kazi hiyo utumwa mamboleo hawajawahi kuwauliza wasichana waliokodi chumba kwa jina lao wenyewe kwa mara ya kwanza. Wanaoisifu nao nina neno lao.

Hesabu ni hii. Saa 3 asubuhi New York, wakati ofisi zinafunguliwa, majira ya joto Delhi ni saa 12 na nusu jioni. Saa 11 jioni New York, Delhi ni saa 8 na nusu za usiku. Majira ya baridi, sogeza saa moja mbele. Kwa hiyo siku ya kazi ya Mmarekani inaangukia juu ya usiku wa Mhindi karibu yote, na mwenye kampuni hakununua Kiingereza peke yake. Alinunua usingizi. Magari ya Toyota Qualis na Tata Sumo yalizunguka mitaa wakati watu wanaandaa chakula cha jioni, yakikusanya vijana mlango kwa mlango, yakawarudisha wakati maziwa yanagawiwa asubuhi. Wazazi waliwaeleza majirani, tena na tena, ni kazi gani ya heshima inayomtoa binti wa watu nje usiku. Sheria ya viwanda ya India ya mwaka 1948 ilikuwa imekataza wanawake kufanya kazi kiwandani usiku. Majimbo yaliyotaka vituo hivi yakatoa misamaha kwa sekta ya kompyuta. Desemba 2005 huko Bangalore mfanyakazi mmoja wa kike alichukuliwa usiku na mtu aliyejitia kuwa dereva wa gari la kazini, akauawa. Baada ya hapo ndipo walinzi na orodha za madereva zilipoanza kuchukuliwa kwa uzito.

Ndani ya ukumbi kulikuwa na darasa. Kabla ya kupokea simu, kijana alifundishwa kulainisha t na d zake, kubana w isigeuke v, kutamka majina ya miji ya Marekani. Alitazamishwa tamthilia za televisheni za Kimarekani ili ajue wanachocheka. Vituo vingi vilimpa jina jingine: aliyeitwa kwa jina la mungu wa Kihindu nyumbani akawa Sam au Julie kazini. Skrini ilimwonyesha hali ya hewa ya mteja ili aweze kuizungumzia. Muda wa kila simu ulihesabiwa kwa sekunde, hata wa kwenda msalani, na msimamizi aliweza kusikiliza bila kuonekana. Mteja naye alikuwa na haki ya kutukana. Alipotukana, kijana hakuruhusiwa kukata simu. Mwaka 2005 Chetan Bhagat alitoa riwaya ya usiku mmoja katika kituo cha simu, ikanunuliwa mno na vijana waliojiona ndani yake.

Kuhusu majina hayo ya bandia nina ukali kidogo. Wateja walijua. Sauti iliyosema inaitwa Sam haikumdanganya mtu wa Texas hata dakika mbili. Basi jina lile lilikuwepo kwa ajili ya nani? Nadhani lilikuwepo ili mteja asilazimike kujifunza jina la anayemhudumia. Wazungu wa mashambani Kenya na Tanganyika walikuwa na desturi hiyo hiyo. Mpishi alipewa jina wanaloweza kulitamka.

Marekani kelele zilipanda. Novemba 2003 kampuni ya Dell iliacha kupeleka Bangalore simu za wateja wake wakubwa wa kibiashara, baada ya malalamiko kuhusu huduma. Februari 2004 Gregory Mankiw, mshauri mkuu wa uchumi wa Rais Bush, alisema kupeleka kazi nje ni aina tu ya biashara ya kimataifa. Hata wanasiasa wa chama cha rais walimkemea. John Kerry, aliyekuwa akiwania urais, aliwafananisha wakuu wa kampuni hizo na msaliti wa vita vya uhuru wa Marekani, Benedict Arnold. Uchaguzi ulipita. Kazi ziliendelea kuondoka.

Ila hazikutulia Gurgaon. Hapa ndipo njia inapopinda kuelekea Manila, na hapa pia tarehe ya Kiingereza inajulikana. Marekani iliitwaa Ufilipino kutoka Hispania mwaka 1898. Agosti 1901 meli ya jeshi iitwayo Thomas ilitia nanga Manila ikiwa na walimu wa Kimarekani wapatao 500, ambao hadi leo huko huitwa Thomasites. Walitapakaa visiwani kufundisha kwa Kiingereza. Watoto wa watoto wa wanafunzi wao walikua na mpira wa kikapu, nyimbo za Kimarekani na lafudhi ambayo haikuhitaji kulainishwa sana. Mwaka 1995, chini ya Rais Fidel Ramos, Ufilipino ilipitisha sheria ya kufungua soko la simu na sheria ya maeneo maalumu ya uchumi yenye nafuu za kodi. Mwaka 2000 kampuni ya PeopleSupport ya Los Angeles ilihamishia kazi zake Manila, nyingine zikafuata. Ilipofika karibu mwaka 2010 Ufilipino ilikuwa imeipita India kwa kazi za sauti, na leo sekta hiyo inaajiri watu zaidi ya milioni 1.

Saa za Manila ni mbaya zaidi. Saa 3 asubuhi New York, kule ni saa 3 za usiku kamili, au saa 4 majira ya baridi. Sheria ya kazi ya Ufilipino inamtaka mwajiri aongeze angalau asilimia 10 ya mshahara kwa kila saa ya kazi kati ya saa 4 usiku na saa 12 asubuhi. Asilimia 10 ndiyo thamani ya usiku iliyoandikwa katika sheria. Makati na Ortigas, maeneo ya ofisi ya Manila, migahawa haifungwi. Baa hutoa bia kwa bei ya punguzo asubuhi, kwa watu wanaotoka kazini jua likichomoza. India nayo haikubaki ikililia simu. Ilizidi kupanda kwenye uhasibu, uandishi wa programu na utafiti, ikaachia Manila kutukanwa.

Sasa nirudi nyumbani, maana waya ulirudi. Kwa miaka mingi pwani ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti, ghali na yenye mwangwi. Nairobi ilijaribu vituo vya simu hata hivyo, na kampuni kama KenCall zilianza kwa taabu hiyo katikati ya miaka ya 2000. Julai 2009 waya wa SEACOM ulianza kazi Mombasa na Dar es Salaam, ukiwa na mkono wa kwenda Mumbai. Waya wa TEAMS, ambao serikali ya Kenya ilishiriki kuugharimia, ulitandazwa mwaka huo huo kutoka Mombasa hadi Fujairah, mji ule ule ambako FLAG kutoka Porthcurno ulipita. Njia ya 1879 ikaungwa tena, mafundo karibu yale yale. Nairobi ilitangaziwa kwamba zamu yake imefika: Kiingereza tunacho, vijana wenye shahada tunao, na saa zetu zinakaribiana na za London.

Kazi zilikuja, lakini sauti hazikuwa nyingi kama ilivyoahidiwa. Vipande vilivyofika Nairobi vilikuwa vidogo zaidi: kuweka alama kwenye picha ili mashine zijifunze, kusoma maandishi machafu ili programu ijue uchafu ni upi, kutazama video za mauaji na kuzifuta kabla mtu wa Ulaya hajaziona. Mwajiri kwenye mkataba ni kampuni ya kati. Kampuni yenye jina kubwa iko ng'ambo, kama yule mwenye bei ya pamba ambayo karani wa Aden aliigonga bila kumjua. Januari 2023 jarida la Time liliandika kwamba wafanyakazi wa Nairobi waliosaidia kuisafisha ChatGPT walilipwa chini ya dola 2 kwa saa.

Miezi minne baadaye, Mei 1, 2023, wafanyakazi zaidi ya 150 waliokuwa wakichuja maudhui ya Facebook, TikTok na ChatGPT kwa mikataba ya kampuni hizo za kati walikusanyika katika hoteli moja jijini Nairobi, wakapiga kura kuunda chama chao. Baadhi yao walijitambulisha kwa majina yao.